Shokapu za KYB Excel-G kwenye Toyota IST: tathmini baada ya kuzifunga mwenyewe

Nimetumia shokapu za KYB Excel-G kwa miezi mitano sasa katika barabara ya vumbi ya mtaani kwetu Mbezi, na sijutii fedha nilizotoa, ingawa bei yake ilikaribia mara mbili ya zile zisizo na jina nilizoonyeshwa kwanza dukani Gerezani. Za zamani zilikuwa zimevuja hadi vumbi likagandamana na mafuta, na gari likivuka tuta liliendelea kunesanesa.

Ubora wake niliuona nilipokata kamba ya kufungia: fimbo ilipanda yenyewe polepole, kwa kuwa ndani yake mna mafuta pamoja na gesi ya naitrojeni, inayopunguza povu la mafuta gari linapopita kwenye rasta, yaani matuta madogo yanayofuatana. Kabla ya kuifunga niliisimamisha wima na kuisukuma mara kadhaa ili kutoa hewa. Fimbo hiyo isishikwe kwa koleo hata kidogo, kwani mkwaruzo mdogo hukata sili, yaani mpira unaozuia mafuta yasitoke, na mafuta huanza kuvuja.

Za nyuma ni kazi ya asubuhi moja kwa mwenye jeki, stendi na spana. Boliti ya chini nilikuja kuikaza mwisho, gari likiwa limeshakanyaga chini, kwa sababu bushi, yaani mpira unaopitiwa na boliti hiyo, ikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia hukaa imejipinda na kuchanika mapema.

Za mbele zinataka tahadhari kubwa zaidi, maana shokapu imevishwa springi, na springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua. Kifaa cha kubania nilichoazima kilikuwa na nyuzi zilizolika, kwa hiyo nilikirudisha, nikazifungua shokapu garini mwenyewe na kumpelekea fundi mwenye mashine azihamishie springi.

Lawama yangu ni moja: boksi halikuwa na mpira wa juu, buti ya kuzuia vumbi wala bearingi, na muuzaji hakunitajia. Vya zamani vilikuwa vimekwisha, nikalazimika kurudi mjini gari likiwa juu ya stendi. Vinunuliwe siku hiyo hiyo, na itengwe fedha ya kupima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, kwani gari langu lilivuta kushoto mpaka lilipopimwa. Sasa linavuka matuta na kutulia papo hapo.