Friji, gesi mara mbili na fyuzi ya elfu kumi na mbili

Ramadhani ya 2024 ilianza katikati ya wiki, na Ijumaa yake ya kwanza nikatupa kilo mbili za nyama, mafungu matatu ya samaki na ndoo nzima ya ukwaju niliokwisha kuuchuja. Friji lilikuwa linaunguruma kama kawaida. Taa inawaka, juu kwenye friza barafu ipo. Chini sasa, ukiingiza mkono, vuguvugu. Maji ya chupa yaliyolala humo usiku kucha hayakuwa na tofauti na ya bombani.

Naishi Tabata na nauza juisi na barafu za ubuyu, kwa hiyo friji ndilo genge langu. Lenyewe ni la milango miwili, aina ile isiyoota barafu ukutani, mafundi wanaiita nofrosti. Nililinunua jipya 2016 kwa pesa ya mchezo, laki tisa na themanini, na kwa miaka minane halikuwahi kuniomba hata balbu.

Fundi wa kwanza nililetewa na jirani. Akaigusa kompresa, ile mota ya nyuma inayosukuma gesi ya kupoza, kwa kiganja, akatega sikio, akasema, "Dada, hapa gesi imeisha." Ndani hakufungua kitu. Tukapatana 60,000. Tukalitoa ukumbini, akaunga kijibomba chenye pini kule nyuma, halafu akapotea kwenda kutafuta mtungi. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni friji lilikaa limezimwa, milango wazi, maji yanachuruzika sakafuni na mimi napiga deki. Alipolitia gesi na kuliwasha, kufika magharibi lilikuwa baridi kweli kweli. Nilifurahi nikamwongezea na nauli ya bodaboda.

Siku ya kumi na moja likarudi palepale. Akaja, akaongeza tena, safari hii 40,000 "kwa kuwa ni wewe dada yangu". Likakaa siku tisa. Mara ya tatu akasema kompresa imechoka, niandae 220,000, na hapo nikamwambia ngoja kwanza kaka, nitakupigia. Sikumpigia.

Hesabu niliyoifanya usiku ule nadhani wengi mmewahi kuifanya. Laki moja imeshakwenda, laki mbili na ushee inatakiwa, friji lenyewe lina miaka minane. Kwa nini nisiongeze kidogo nichukue la Ulaya? Nikazunguka siku mbili, Kinondoni, Mwenge, mpaka Ilala. Wanaouza mitumba ya friji wana maneno yao na ukiyasikia mara tatu unayajua kwa moyo: kontena limeshuka jana, hili halijaguswa na fundi, mwenyewe alikuwa bibi mmoja wa Kizungu anaweka maziwa tu. Nikaangukia refu la milango miwili, jeupe, safi, limetoka Uingereza, plagi yake ya pini tatu inaingia moja kwa moja kwenye soketi zetu. Alianzia 580,000, tukaishia 480,000 na dhamana ya wiki mbili iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti. Kirikuu 25,000. Walilibeba limelala ubavu, na hilo namshukuru muuzaji, alinionya nilisimamishe masaa manne au matano kabla ya kuwasha, maana mafuta ya kompresa yanakuwa yamekimbilia kwenye mabomba.

Afadhali plagi, kwa kweli. Shemeji yangu Unguja alinunua friji zuri kuliko langu kutoka kontena la Japani, akalichomeka. Umeme wa majumbani kule Japani ni volti 100, wetu 230. Lilitoa moshi kabla hajafunga mlango wa jikoni. Vitu vya Japani ni imara, lakini bila transfoma usivisogelee.

Basi la Uingereza likafika Tabata na wiki ya kwanza nililisifu kwa kila aliyeingia ndani. Kabichi iligeuka jiwe. Nililoliona baadaye ni kwamba halinyamazi. Friji lenye afya hufanya kazi, likafikia baridi yake, likakata, likapumzika. Hili lilikuwa linaunguruma alfajiri, linaunguruma adhuhuri, linaunguruma watu wamelala. Halafu LUKU. Mimi hununua umeme wa 20,000, ambao kwa bei ya sisi tusio kwenye ule mpango wa uniti za bei nafuu ni kama uniti 56, ukiacha mwezi unapoanza na ile 1,500 ya kodi ya jengo. Uniti hizo zilikuwa zinanipeleka wiki mbili. Sasa siku ya tisa au ya kumi LUKU inalia.

Nikafanya jaribio ambalo namshauri yeyote alifanye kabla dhamana haijaisha, mimi yangu ilikuwa imekwisha. Siku tuliyosafiri kwenda kwenye arusi Bagamoyo nilizima kila kitu nyumbani, nikaacha friji peke yake, nikaandika uniti zilizobaki kwenye mita. Nikarudi kesho yake saa ileile, nikasoma tena. Uniti 3.4. Kwa siku moja, nyumba haina mtu, mlango wa friji haujafunguliwa hata mara moja.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi wa Buguruni, mtu wa maneno machache, anayetembea na begi la turubai na mita iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilimwita aje kulitazama lile la Uingereza. Shikamoo, marahaba, akachuchumaa moja kwa moja kwenye droo ya mboga, akaivuta, akaniita nisome kibandiko kilichobandikwa ukutani pembeni yake. Kilikuwepo siku zote na sikuwahi kukisoma. Volti 220 hadi 240, sawa. Gesi R600a, gramu 52. Chini yake herufi moja: N.

"Mama, hiyo N ndiyo inayokula umeme wako."

Kumbe friji zinatengenezwa kwa madaraja ya hali ya hewa. N ni ya chumba chenye joto la nyuzi 16 mpaka 32. ST inavumilia mpaka 38, na T, ya nchi za joto, mpaka 43. SN ndiyo ya baridi zaidi, inaanzia 10. Ukiona madaraja mawili yameunganishwa kwa kistari, kama SN-T, inashika kote. Sasa jiko langu la Tabata mwezi wa pili au wa tatu, bati juu, jiko la mkaa mlangoni, hizo nyuzi 32 zinapita kabla ya saa sita mchana. Lile friji lilikuwa linakimbizana na joto ambalo halikuumbiwa. Juu ya hapo mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa. Mzee alibana noti ya elfu mbili kwenye mlango, akaivuta, ikatoka kama inatoka mfukoni. Kwenye friji zima noti inang'ang'ania.

Akaniambia pia nikipata fundi anayetaka kulitia R134a lile friji kwa sababu R600a hana, nimfukuze. Gesi hizo hazifanani kwa msukumo wala kwa kiasi, na kompresa imetengenezwa kwa moja. Tena R600a inawaka moto, ndiyo maana lina ile pembetatu ya mwali nyuma. Mtu hawashi tochi ya kuchomelea pale bila kuitoa yote nje kwanza.

Alipokuwa anakusanya vitu vyake akaliona friji langu la zamani limesimama varanda, limegeuzwa kabati la sufuria. Akauliza lina nini. Nikamweleza gesi, gesi tena, kompresa. Akaniuliza swali moja: siku fundi alipotia gesi, friji lilikaa limezimwa kwa muda gani?

Nikamwambia masaa sita, milango wazi. Akacheka kidogo, ndiyo mara pekee nilimwona akicheka.

Tukalichomeka palepale varanda na kuliacha likimbie mpaka kesho yake. Aliporudi alifungua skrubu za kile kifuniko cha plastiki cha ndani ya friza, upande wa nyuma. Kule nyuma mtandao wote wa mabomba ulikuwa umeshaanza kufunikwa na barafu, feni inazungukia pembeni yake. Ndivyo friji za nofrosti zilivyo: baridi yote inatengenezwa sehemu moja, na feni ndiyo inayoipuliza juu na chini. Kila baada ya masaa kadhaa taima inaikata kompresa na kuwasha hita ndogo chini ya mabomba, inayeyusha barafu, maji yanashuka kwa mrija mpaka kwenye kisahani juu ya kompresa na kukauka yenyewe. Hita isipowaka, barafu inajaa siku baada ya siku mpaka inaziba njia ya hewa. Friza inabaki na baridi yake kwa sababu iko jirani. Chini hakufiki kitu.

Kwa hiyo fundi wa kwanza alilitibu friji langu bila kujua. Yale masaa sita ya milango wazi ndiyo yaliyoyeyusha barafu. Gesi haikuwa imeisha hata kidogo.

Mzee aliikuta taima, akaizungusha polepole kwa bisibisi mpaka ikalia *ka!* na kompresa ikanyamaza. Hapo hita ilitakiwa ipate moto. Hakuna. Akapima hita kwa mita, nzima. Akapima fyuzi ya joto, kidude kama kifungo cha koti kilichofungwa juu ya bomba na nyaya mbili, imekatika. Akanionyesha namba za mita, kisha akaniwekea kile kidude mkononi. Kariakoo kilinunuliwa 12,000.

Kazi kubwa ikawa kusafisha uharibifu. Gesi iliyoongezwa juu ya gesi ilikuwa imelizidi friji, bomba linalorudi kwenye kompresa linatoka jasho mpaka linaganda. Ikabidi aitoe yote, abadilishe filta, avute hewa kwa pampu kama nusu saa, kisha atie upya R134a kwa kupima kwenye mizani ndogo, gramu 150 kama kibandiko kinavyosema. Fundi wa kwanza alikuwa anapima kwa kugusa. Jumla, fyuzi, filta, gesi na ufundi, nililipa 115,000. Bila ule ujazaji wa mwanzo, mzee aliniambia waziwazi, angenitoza 40,000 na tungekuwa tumemaliza.

Nilirudia jaribio la LUKU kwa friji hili. Uniti 1.6 kwa siku. Tofauti ya uniti 1.8, kwa bei ya shilingi 356 hivi, ni zaidi ya 19,000 kwa mwezi. Zile laki nne na themanini za kuokoa pesa zilikuwa zinanidai kodi kila mwezi.

Sisemi mtumba ni mbaya. Blenda yangu ni mtumba na ikichoka nabadilisha kaboni za mota kwa elfu mbili, maisha yanaendelea. Mashine ya kufulia ya Ulaya ningenunua hata kesho, ile haijali nje kuna joto gani. Friji la mtumba ningelikubali kama langu lingekuwa limeoza bati au kompresa imekufa kweli, na ningekaa dukani masaa mawili liwashwe mbele yangu hata kama muuzaji ananuna, nisubiri nisikie likikata. Likiwa limeandikwa R12 simuulizi hata bei. Gesi hiyo inakula ozoni, imeshapigwa marufuku, na nchi zetu zilitakiwa kuachana nayo kufikia 2010. Lakini kabla ya yote hayo, friji la nofrosti likigoma kupoza chini huku juu linagandisha, lizime siku nzima milango ikiwa wazi. Likirudi kupoa vizuri kwa wiki moja halafu likagoma tena, mtu asikuguse na mtungi wa gesi. Mwambie akaanzie kwenye hita, taima na fyuzi. Na gesi yenyewe haiishi kama mkaa. Ikiwa imepungua pametoboka mahali, na anayeijaza bila kutafuta tundu anakuandalia safari ya pili.

Lile la Uingereza nilijaribu kuliuza. Kila nikimweleza mteja habari ya ile N anaondoka, na kunyamaza sikuweza, watu wa mtaa huu wananijua. Mwezi wa tisa dada yangu wa Iringa akasema kwao jiko halijawahi kufika nyuzi 32 tangu azaliwe, nimpelekee. Tulibadilisha mpira wa mlango, likapanda lori la viazi lililokuwa linarudi tupu, safari hii limesimama na limefungwa kamba. Wiki mbili baadaye nikampigia kuuliza linavyokwenda. Alikuwa na wasiwasi kidogo. "Dada, hili friji mbona muda mwingi liko kimya?"