Askari wa theluji wa Cobra: wa kununua kwanza ni yupi?

Ukitaka kukusanya G.I. Joe za zamani, wale wanasesere wa kampuni ya Hasbro wa sentimita tisa na nusu hivi waliouzwa Marekani kati ya 1982 na 1994, anza na askari wa baridi kali wa Cobra, jeshi la maadui wa G.I. Joe. Ni wachache, na kikosi chao hukamilika kabla mfuko haujatoboka. Ila nguo zao ni nyeupe, na plastiki nyeupe ya miaka ile hugeuka njano kwa jua na umri. Kwa hiyo mimi hutazama rangi kwanza, bei baadaye.

Namba moja ni Snow Serpent wa 1985, na sioni wa kumpita. Uso umefunikwa, koti ni zito, ukimweka rafuni hata mgeni asiyejua Cobra ni nini anaelewa kwamba huyu ametoka penye barafu. Mtafute akiwa nje ya pakiti lakini na vitu vyake vyote: bunduki, shanta, na hasa vile viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji. Viatu hupotea mapema, na kuvitafuta peke yake baadaye kunaumiza. Nimewahi kununua mmoja wa bei nafuu bila viatu, nikaishia kulipa zaidi ya yule aliyekamilika.

Kabla hujalipa, omba picha zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana, mbele na nyuma. Linganisha mikono na kifua. Kama mkono mmoja ni mweupe na mwingine una rangi ya siagi, huenda amechanganywa kutoka wanasesere wawili. Tazama vidole gumba, maana huvunjika kwa kulazimishwa kushika bunduki. Tazama pia kipande kilicho kati ya mapaja mawili, hapo hupasuka. Kiuno kikilegea usiogope: ndani kuna ringi ya mpira iliyochoka. Fungua skurubu ya mgongoni, weka mpya, anasimama tena. Mwaka umechapwa nyuma, usawa wa makalio.

Wa pili ni Ice Viper wa 1987. Huyu hakuuzwa peke yake. Alikuja kama dereva wa WOLF, gari la theluji la Cobra. Ninampenda sana pamoja na gari lake, lakini gari lina vipande vingi vya kupotea, tena ni zito kusafirisha. Kama unaagiza Afrika Mashariki, uliza nauli ya mzigo kwanza, kwa sababu inaweza kukaribia bei ya bidhaa yenyewe. Mwenye bajeti ndogo amchukue dereva tu.

Snow Serpent wa 1991 namweka wa tatu. Ni umbo jipya, si yule wa 1985 aliyepakwa rangi upya, na wauzaji wengine huchanganya vifaa vya hao wawili. Mnunue ukishampata wa kwanza.

Hasbro imemtoa tena Snow Serpent kwenye mfululizo wa Classified, mkubwa zaidi, wa sentimita 15 hivi. Ni mzuri kwa anayetaka kitu kipya kisicho na njano, ila hatalingana kimo na wenzake wa zamani, kwa hiyo mpe rafu yake.

Ukishawapata, waweke mbali na dirisha, na usiwaache wakiwa wameshika bunduki.