Kizimba cha viwavi wa vipepeo: ununue kipi ukiwa Moshi au Arusha

Ukiwa na haraka, jibu ni hili: nunua tenga la nguo la neti, lile la kukunja, na mche mmoja wa mlimau. Hela ikibaki, usiongeze kizimba, ongeza mche wa pili.

Nafundisha Sayansi shule ya msingi hapa Moshi, na kila shule zikifungwa wazazi huniuliza swali lile lile: mtoto ameleta kiwavi nyumbani, tumweke wapi? Wengi wanakuwa wameshanunua kitu, na mara nyingi siyo chenyewe. Nimefuga viwavi kwenye ndoo, kwenye kawa la chakula, kwenye kabati la fundi na juu ya mti wenyewe. Nitavipanga kwa ubora, lakini tuanze na mti, kwa sababu kiwavi anaweza kuishi bila kizimba ila bila jani lake siku mbili ni nyingi.

Kiwavi hali kila jani. Kipepeo anayependeza zaidi kuanza naye ni yule mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano anayezungukazunguka milimau. Jina lake la kitaalamu ni Papilio demodocus. Jike hutaga yai moja moja kwenye majani machanga ya mlimau, mndimu au mchungwa. Kiwavi akiwa mdogo utadhani ni kinyesi cha ndege, weusi kwa weupe. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anachomoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Watoto hupiga kelele kwa furaha mara ya kwanza wanapoziona, na mimi bado nafurahi nao.

Wa pili ni Danaus chrysippus, mwenye rangi ya machungwa na ncha nyeusi zenye mabaka meupe. Kiwavi wake ana mistari myeusi, myeupe na ya manjano, na anakula mimea yenye utomvu mweupe inayoota kandokando ya barabara, ikiwemo ile yenye tunda kama puto la kijani lenye vinywele. Utomvu huo una sumu. Mtoto akishika majani yale anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho.

Miche ya mlimau na mchungwa ipo kwenye vitalu vya Tengeru na vya hapa mjini. Usiangalie urefu wa mche, uliza umepigwa dawa gani na lini. Zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea na kukaa kwenye majani kwa wiki nyingi, kwa hiyo kuosha majani hakusaidii. Muuzaji akisita, achana na mche huo. Bora mlimau mzee wa jirani ambao haujawahi kupigwa kitu. Wangu naupata kwa bibi mmoja wa mtaani kwetu. Siku ya kwanza nilipokwenda kumwomba nilimwambia, "Shikamoo bibi, naomba majani ya mlimau." "Marahaba mwanangu, ya chai?" "Ya viwavi, bibi." Akashtuka: "Wale waliomaliza mahindi ya watu?" Hofu hiyo utakutana nayo, kwa hiyo uwe na jibu. Waliokula mahindi ni viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017, na wale hugeuka nondo. Kiwavi wa mlimau hagusi hindi hata akifa njaa. Bibi alinipa majani, na tangu hapo anakuja kila wiki kuangalia pupa, yaani kiwavi aliyejifungia kwenye ganda kabla ya kuwa kipepeo.

Usikate chandarua chenye dawa

Jambo hili naliandika kwa herufi nzito kwa sababu lilinigharimu. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua chandarua cha zamani cha kitandani, nikakikata, nikafunika boksi lenye viwavi 14. Jioni walikuwa wanajinyonganyonga chini. Asubuhi hapakuwa na hata mmoja hai, na wanafunzi wangu walikuwa wanakuja kuwaona siku hiyo hiyo.

Chandarua kilifanya kazi yake. Vyandarua tunavyopewa kliniki na mashuleni vina dawa ya kuua mbu, na dawa inayoua mbu humuua kiwavi vile vile. Wala usijidanganye kwamba kimefuliwa sana. Vinatengenezwa ili dawa istahimili kufuliwa angalau mara 20, na ipo aina ambayo dawa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe, nayo inatengenezwa hapa hapa Arusha. Kibaki kitandani kikulinde na malaria. Kwa viwavi nunua kitambaa cha neti kinachoshonewa shela za maharusi. Kinapimwa kwa mita kwenye maduka ya vitambaa, ni laini, na hakina dawa.

Kipimo changu

Kipepeo anapotoka kwenye pupa, mabawa yake ni madogo na yamekunjamana kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Lazima aning'inie, asukume maji ya mwili kwenye mabawa mpaka yanyooke, kisha asubiri saa kadhaa yakauke na kukakamaa. Akiteleza akaanguka katika muda huo, mabawa hukauka yakiwa yamepinda na hataruka maisha yake yote. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kizimba chochote ni hili: kuta na dari vinashikika? Pili, je, hewa inapita? Tatu, utafagia kinyesi bila kuwasumbua? Kinyesi ni kingi kuliko unavyofikiri, hasa wiki ya mwisho. Bei naiangalia mwishoni.

1. Tenga la nguo la neti

Ni lile la waya mwembamba linalojikunjua lenyewe ukilifungua, la mviringo au la pembe nne. Moshi nimelipata mitumbani Memorial na Kiboriloni, na mpya lipo kwenye maduka ya vyombo. Arusha anza Kilombero na kuzunguka Soko Kuu. Langu la mtumba lilikuwa 4,000 baada ya kuomba punguzo, na huu ni mwaka wa tatu linatumika.

Chagua lenye urefu wa sentimita 60 hivi. Ingiza mkono ndani, shika neti kwa kucha: ikishikika kwako itashikika kwa kipepeo. Angalia ukubwa wa matundu. Ncha ya penseli ikipita, kiwavi aliyeanguliwa jana atapita pia. Angalia na sakafu yake; nyingi zina kitambaa cha nailoni chini, nacho ni kizuri kwa sababu unatandika gazeti, na kila asubuhi unalivuta na kinyesi chake chote. Juu huwa wazi, hivyo mpelekee fundi cherehani na nusu mita ya neti ya shela akushonee mfuniko wenye zipu. Ukikosa zipu, mfuniko wa lastiki kama wa kofia ya kuogea unatosha.

Ndani weka mche kwenye kopo lake, au matawi kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Toboa kifuniko, pitisha vijiti, ziba nafasi iliyobaki kwa pamba. Ukiacha mdomo wa chupa wazi viwavi watashuka kwenye maji na kufa, nimeshaokota wengi. Weka pia vijiti viwili vitatu vikavu vilivyosimama wima, kwa sababu kiwavi wa mlimau hujifunga kwenye kijiti kwa uzi kiunoni kama mkwezi wa mnazi, tofauti na yule wa rangi ya machungwa ambaye hujining'iniza darini kichwa chini.

Tenga la ukubwa huo ni la viwavi wakubwa kumi, basi. Wakizidi, majani yanaisha usiku, kinyesi kinarundikana, na maradhi yanaanza. Ukiona kiwavi mmoja amelegea na kuwa mweusi na majimaji, mtoe mara moja, hamisha wenzake, safisha tenga kwa maji yenye jiki kidogo na ulianike juani.

2. Mfuko wa neti kwenye tawi

Kama una mlimau uani, huu unaushinda hata ule wa kwanza kwa kipindi cha ulaji. Ni mfuko mrefu wa neti ya shela, wazi pande zote mbili, kama mkono wa shati. Unauvisha kwenye tawi lenye viwavi, unafunga kamba huku na huku. Kiwavi anakula jani bichi, hewa ni ya nje, na kazi yako ni kufungua ncha ya chini kila baada ya siku mbili ukung'ute kinyesi. Mita moja ya kitambaa na dakika ishirini za fundi cherehani, kwisha.

Kufuga vipepeo kwenye mimea iliyozungushiwa neti si jambo geni Tanzania. Wakulima wa Usambara Mashariki wamekuwa wakifanya hivyo kupitia mradi wa vipepeo wa Amani tangu miaka ya mwanzo ya 2000, wakiuza pupa nje ya nchi, mpaka serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

Nimeuweka wa pili kwa sababu mbili. Wengi wetu tumepanga na hatuna mti uani. Halafu masika, Machi hadi Mei, kwa upande wa mlimani siafu hupanda, na siafu hawaulizi kama kuna mfuko. Mimi huwaacha viwavi kwenye tawi mpaka wanenepe, kisha nawahamishia kwenye tenga wageuke pupa.

3. Kabati la fundi seremala

Mbao nyembamba, neti ya madirisha pande tatu na juu, mlango wenye bawaba. Kwa shule ndilo ningechagua, kwa sababu darasa zima linaona na linadumu miaka. Kwa nyumbani ni gharama kubwa bila faida kubwa kuliko tenga.

Ukiamua, simama na fundi. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, nikuwekee waya wa vichanja vya kahawa, huo haukatiki." Kweli haukatiki, ila ni mkali na matundu yake ni makubwa kwa viwavi wadogo, na vipepeo hupasua mabawa wakijigonga. Sema unataka neti laini ya plastiki. Sema pia kabati lisipakwe rangi wala dawa ya mchwa kwa ndani, na mlango ufike hadi chini ili gazeti litoke bila kupinduliwa. Miguu minne isimame kwenye makopo yenye maji na tone la sabuni, sisimizi wasipande.

4. Kawa la neti la kufunikia chakula

Lile la kufungua kama mwavuli. Ni rahisi, lipo kila mahali, na juu ya sinia linafanya kizimba cha haraka siku mtoto anapokuja na kiwavi saa moja jioni. Tatizo ni ukingo: sinia lisipokuwa bapa kabisa, asubuhi viwavi wako kwenye pazia. Tena ni fupi. Papilio akifungua mabawa ana kama sentimita kumi, na chini ya kawa hana pa kuning'inia vizuri. Litumie kwa wiki moja ukitafuta tenga.

5. Ndoo au kopo la plastiki

Kwa mayai na viwavi wa siku chache tu, kopo dogo likifunikwa kwa kitambaa ni zuri kuliko vyote, kwa sababu majani hayanyauki upesi na hakuna anayepotea. Baada ya hapo hamisha. Ukuta wa plastiki unateleza, na unyevu unaganda ndani, zaidi Arusha ambako mji uko kwenye mita kama 1,400 na Juni na Julai ni baridi. Moshi kosa ni lingine: ndoo ikikaa dirishani Februari, viwavi wanapikwa.

Vizimba maalumu vya vipepeo vinavyoagizwa mtandaoni sijavipa namba. Ni tenga lile lile lenye zipu nzuri, kwa bei ya mara kadhaa. Na usiagize kamwe viwavi au pupa kutoka nje ya nchi. Kuingiza wadudu hai bila kibali ni kosa, na wa kwetu wanatosha. Usiwatoe pia hifadhini, iwe Arusha au Kilimanjaro. Mayai yako kwenye mlimau wa jirani.

Nasema mayai makusudi. Kiwavi mkubwa uliyemwokota nje mara nyingi ameshatagiwa na nzi au nyigu mdogo, na badala ya kipepeo unapata nzi. Tafuta vishanga vya manjano, kimoja kimoja, kwenye majani ya juu kabisa. Kutoka hapo hesabu mwezi mmoja na nusu hadi miwili kwa wa mlimau, na karibu mwezi kwa Danaus. Baridi huongeza siku, hivyo mtu wa Arusha asitupe pupa kwa sababu wa Moshi ameshatoka.

Siku ya kutoka utaona matone kwenye gazeti, pengine mekundu. Si damu, ni uchafu anaoutoa kipepeo baada ya kutoka. Usimguse. Akitoka asubuhi, muache mpaka saa nane mchana. Akitoka jioni, alale ndani ya tenga, kesho yake saa nne jua likishapanda peleka tenga chini ya mlimau, fungua zipu, na mwachie mtoto amtoe kwa kidole.