Huduma ya kutambua modeli kuukuu za vyombo vya anga

Modeli niliyowapelekea haikuwa na nembo wala mwaka, na rangi yake ilikuwa imebabuka. Mtaalamu wao hakubahatisha: alianza na milango miwili iliyo sambamba juu ya chumba chenye umbo la pia, akaeleza kwamba kati ya vyombo vya kwanza vya Marekani vya kubeba wanaanga, Mercury ilibeba mtu mmoja na Apollo watatu, hivyo hii ni Gemini, chombo cha Marekani kilichorusha wanaanga wawili wawili mwaka 1965 na 1966. Kisha akapima kitako cha sehemu nyeupe ya nyuma, akapata kipenyo cha sentimita 6.3 hivi; kwa kuwa kile cha chombo halisi kina kipenyo cha takriban mita 3, uwiano ni 1:48. Jina la kiwanda halikupatikana, ingawa ada ilitozwa kamili. Hata hivyo, heri hivyo kuliko kubuniwa jina.