Tiketi ya muhula iliyonitembeza kaskazini mwa Ujerumani: uzoefu wangu wa miezi sita Hamburg

Nilikaa Hamburg kuanzia Oktoba 2024 hadi mwanzoni mwa Aprili 2025, nikiwa mwanafunzi wa kubadilishana kutoka Dar es Salaam. Kati ya vyote nilivyolipia huko, kinachostahili kuelezwa kwa kirefu ni tiketi ya muhula, ambayo Wajerumani huiita Deutschlandsemesterticket. Bei yake imo ndani ya ada ambayo mwanafunzi hulipa, atake asitake. Kwa muhula ule wa baridi ilikuwa euro 29.40 kwa mwezi, yaani euro 176.40 kwa miezi sita. Asiye mwanafunzi alilipa euro 49 kwa mwezi kwa huduma hiyo hiyo, na kuanzia Januari 2025 akalipa 58. Kwa fedha hizo unapanda mabasi, treni za mjini na treni za kawaida za mikoani nchi nzima, kuanzia mpaka wa Denmark hadi milima ya Alpi, bila mtu kukuhesabia safari.

Nakiri kwamba nilipoiona kwenye hesabu ya ada nilinung'unika, kwa sababu chumba changu kilikuwa jirani na chuo na nilikwisha kusudia kwenda kwa miguu. Nilibadili mawazo wiki ya pili, nilipogundua kwamba vivuko vya bandarini navyo huhesabiwa kuwa usafiri wa umma. Kivuko namba 62 huondoka Landungsbrücken na kushuka mto Elbe hadi Finkenwerder kwa muda usiofika nusu saa, kikipita mbele ya soko la samaki, meli za makontena na ufukwe wa Övelgönne, ambako watu hukaa mchangani wakiwa wamevaa makoti. Watalii hulipa fedha nzuri kwa mashua za matembezi zinazopita humo humo. Mimi, niliyezoea pantoni ya Kigamboni, nilishangaa zaidi kuona abiria wakishuka bila kukimbizana.

Hata hivyo faida kubwa ya tiketi hii sikuitarajia, nayo inahusu marafiki. Kwetu aliyealika ndiye anayelipa, na mgeni akitoa pochi anaweza kumkosea mwenyeji. Hamburg kila mtu hujilipia, hata kikombe cha chai, na mwanafunzi mwenye posho ndogo hujikuta akikataa mialiko kwa visingizio, hadi watu wanaacha kumwalika. Kwa kuwa sote tulikuwa na tiketi ile ile, mtu aliposema, "Jumamosi twende Lübeck," hakuna aliyelazimika kuuliza nauli wala kupiga hesabu kimyakimya. Nilikubali kila safari niliyoambiwa, na chakula nikabeba kwenye kopo kutoka hosteli.

Lübeck ndiyo iliyokuwa safari ya kwanza, pamoja na wanafunzi wanne wa Kiswahili, kwa maana lugha yetu inafundishwa Hamburg tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Treni huchukua kama dakika 45, na viti vyake vimepangwa kwa kuelekeana, kwa hiyo hata Mjerumani mkimya kiasi gani hulazimika kuzungumza. Walinihoji kuhusu ngeli hadi nikaona aibu, kwani wao walizijua kwa namba na mimi nazijua kwa sikio tu. Mjini tuliliona lango la Holstentor, ambalo minara yake miwili imeinama kwa sababu ya udongo laini ulio chini yake, tukala marzipan, ile lozi iliyosagwa kwa sukari ambayo ulimi wangu uliihesabu kuwa ndugu wa kashata. Ilikuwa Desemba na jua lilizama saa kumi jioni, basi anayekwenda majira hayo aondoke mapema sana.

Kasoro zipo. Tiketi haikubaliki kwenye treni za mwendokasi, yaani ICE, wala IC, zile nyingine za masafa marefu, hivyo safari ya Berlin ambayo kwa kawaida huchukua chini ya saa mbili kwa ICE ilinichukua muda wa kama saa nne, kwa kubadilisha treni njiani. Pia ni ya mtu mmoja tu: kaka yangu aliponitembelea alijinunulia tiketi kila tulipotoka. Kosa langu mwenyewe lilikuwa kuiweka kwenye simu peke yake. Nikirudi kutoka Schwerin simu ilizima kwa kukosa chaji, mkaguzi akaniandikia faini ya euro 60. Siku chache baadaye nilionyesha kwamba tiketi ilikuwa hai, ikapunguzwa ikawa ada ndogo. Tangu hapo sikutoka bila betri ya akiba.

Safari niliyoipenda kuliko zote ni ya Cuxhaven, ambako Elbe huingia baharini. Tulikwenda katikati ya Machi, mwezi ukiwa umetoka tu kuwa mpevu, kwa treni ya alfajiri na kisha basi. Maji yanapokupwa huko bahari hurudi nyuma kilomita nyingi, na watu hutembea juu ya tope la Wattenmeer. Wenzangu walikuwa na jedwali la saa za maji lililochapishwa, wakanieleza taratibu kama wanavyomweleza mgeni. Nikawauliza kama wanalo neno la siku ambazo maji hutoka sana kuliko kawaida. Walilo nalo ni Springtide; nami nikawapa bamvua, kisha maji mafu, yaani siku ambazo maji hutoka kidogo tu, nikawasimulia jinsi wanawake wa Bagamoyo, nilikokulia, wanavyoshuka na ndoo kuokota kaa na chaza. Mwenzangu wa tandem, yaani yule tuliyekuwa tukifundishana lugha, aliandika maneno yote mawili nyuma ya lile jedwali, na kwa siku nzima iliyobaki mimi ndiye niliyekuwa mwongozaji.

Tiketi yangu ilikwisha usiku wa manane tarehe 31 Machi, na ndege yangu ilikuwa tarehe 2 Aprili. Nililazimika kununua tiketi ya kawaida ya treni ya S1 kwenda uwanja wa ndege, ya kwanza tangu Oktoba, na mashine ilinishinda mara mbili. Mwenzangu wa tandem, ambaye muhula wake mpya ulikuwa umeshaanza, alinibonyezea vitufe, kisha akanisindikiza bila kufungua pochi yake.