Unga wa lishe wa kupimiwa sokoni: je, unamfaa mtoto wa miezi sita?

Soko lolote utakaloingia Dar es Salaam, utaukuta. Mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, unga wa rangi ya kahawia iliyofifia, na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: mahindi, mtama, uwele, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga na vingine. Muuzaji atakwambia, "Mama, chukua huu, una vitu kumi na viwili," na bei inapanda kadiri vitu vinavyoongezeka. Kwa mzazi ambaye mtoto wake ametimiza miezi sita juzi na bado hajui aanze na nini, maneno hayo yanamtua mzigo.

Nianze na uamuzi wangu: unga huu, kama unavyouzwa sehemu nyingi, usiununue kwa ajili ya mtoto wa chini ya miaka miwili. Si kwamba wanaousaga wana nia mbaya. Wengi wao ni kina mama waliolea, na wanaamini wanachokiuza. Tatizo liko kwenye mchanganyiko wenyewe, na hasa kwenye karanga.

Hebu tuanze na hivyo vitu kumi na viwili. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, ngano na mchele ni kundi moja la chakula. Vyote vinampa mtoto wanga na nguvu. Ulezi una kalsiamu nyingi kuwashinda wenzake, hilo ni kweli, lakini kuweka nafaka sita pamoja hakumpi mtoto makundi sita ya chakula. Anapata kundi moja lililorudiwa mara sita, na kila nafaka unayoongeza inapunguza nafasi ya soya, ambayo ndiyo inayoleta protini. Mchanganyiko unaoeleweka ni nafaka moja au mbili kwa kunde moja, kiasi cha gramu 700 za nafaka kwa gramu 300 za soya katika kila kilo. Kwenye mifuko mingi ya sokoni hakuna anayejua soya ni kiasi gani, hata muuzaji mwenyewe. Atakwambia "tunakadiria".

Kuna shida nyingine ya vitu vingi ambayo mzazi huijua siku mtoto anapotoka vipele au kuharisha baada ya bakuli la kwanza. Karanga, soya na ngano ni miongoni mwa vyakula ambavyo baadhi ya watoto miili yao huvikataa. Ukianza na ulezi peke yake kwa siku tatu, kisha ukaongeza soya, kisha kingine, utajua mara moja kilichomsumbua. Ukianza na vitu kumi na viwili kwa mpigo, hata daktari atabaki anabahatisha.

Sasa karanga. Hapa naomba tukae kidogo.

Karanga ina mafuta mengi. Ikiwa nzima na kavu, mafuta hayo yamehifadhika ndani. Ikishasagwa, yanakutana na hewa na kuanza kuharibika, na kwa joto la Pwani haichukui wiki nyingi kabla unga haujaanza kutoa harufu ya mafuta yaliyokaa. Kipimo chake ni rahisi: chukua unga kidogo wakati wa kununua, usugue viganjani mpaka upate joto, unuse. Harufu nzuri ni ya nafaka iliyokaangwa. Ukisikia harufu kama ya rangi ya mafuta au sufuria ya chipsi ya jana, rudisha. Kisha onja kidogo kwenye ncha ya ulimi. Uchungu unaobaki kooni ni karanga iliyoharibika. Watoto wengi wanaosemwa "hapendi uji" wanakataa uchungu huo, na wana haki.

Lakini uchungu unaonjeka. Kibaya zaidi ni kile kisichoonjeka, yaani sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukaushwa vizuri au zilihifadhiwa penye unyevu. Haina harufu wala rangi, na moto wa jikoni hauiondoi, hata uchemshe uji saa nzima. Mashariki mwa Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hii. Mwaka 2016 iliua watu hapa kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hayo yalikuwa matukio makubwa ya sumu nyingi kwa mara moja. Kidogo kidogo kila siku nacho kina madhara kwa ini. Mtoto anayekula uji wa unga uleule mara tatu kwa siku hana nafasi ya kupumzika, maana mtu mzima hubadilisha chakula, yeye habadilishi.

Kinga ya kwanza dhidi ya sumukuvu ni macho na vidole: kuchambua karanga moja moja, kutoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu. Zikishasagwa, kinga hiyo imepotea. Huwezi kuchambua unga. Ndiyo maana unga wenye karanga ndani unanitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote kwenye meza ya muuzaji. Karanga ni chakula kizuri sana kwa mtoto, ila zichambue mwenyewe, zikaange, ponda kiasi cha siku mbili tatu mpaka zilainike kabisa, halafu weka kijiko kimoja cha chai kwenye uji unapokaribia kuiva. Karanga nzima au vipande usimpe, vinapalia.

Soya nayo ina mambo yake. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe vizuri tumboni, na kinaondolewa na joto. Kwa hiyo lazima ikaangwe au ichemshwe na kukaushwa kabla ya kusagwa. Soya iliyokaangwa sawasawa ganda lake hupasuka na punje ndani huwa na rangi ya dhahabu. Unga wenye soya mbichi utautambua unapopika: uji unanuka kama maharage mabichi, na harufu haitoki hata baada ya dakika kumi. Mtoto akijaa gesi na kulia usiku baada ya uji wa namna hiyo, usitafute mchawi mbali.

Halafu kuna mashine. Uliza unga umesagwa wapi na lini. Mashine ileile ikisaga mahindi ya kulisha kuku asubuhi na lishe ya mtoto mchana, mabaki ya kwanza yanaingia kwenye ya pili. Na unga unatoka mashineni ukiwa wa moto. Ukifungwa papo hapo kwenye plastiki, mvuke unajikusanya ndani, unga unaganda mabonge, na ukungu unapata makazi. Ukiona mabonge kwenye kona za mfuko, usibishane, weka chini. Unga unaofaa ulianikwa ukapoa kwanza, na unatiririka ukiinamisha mfuko.

Paketi za wajasiriamali zenye lebo ni afadhali, zile zenye alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda. Soma viambato: kwa kawaida huandikwa kuanzia kilicho kingi. Ukiona mahindi, mchele, ngano, mtama, kisha soya mwisho kabisa, unajua unanunua nini. Kama umeongezewa madini ya chuma na vitamini, itaandikwa, na hilo lina thamani, maana baada ya miezi sita chuma cha kwenye maziwa ya mama hakimtoshi mtoto. Zile za papo hapo kutoka nje, za kukoroga na maji ya moto, nyingi zimeongezewa virutubisho na zinarahisisha maisha safarini. Kwa matumizi ya kila siku ni ghali, na kadhaa zina sukari ambayo mtoto haihitaji.

Kwa pesa yangu, ninachopendekeza ni unga wa ulezi mtupu, au ulezi na soya iliyokaangwa, nusu kilo kwa wakati mmoja. Vingine vyote ongeza jikoni. Utunze kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mbali na jiko, na kijiko cha kuchotea kisiwe na maji.

Hata hivyo unga bora kuliko wote unaweza kuharibiwa na uji mwepesi, na hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko yote. Vijiko viwili vya chakula vya unga, takriban gramu 20, kwenye maji mililita 300, vinatoa kama kilokalori 70. Tumbo la mtoto wa miezi minane linabeba karibu mililita 200 kwa mlo. Akishiba uji huo amepata kilokalori zisizofika 50, wakati kwa umri huo anahitaji kama 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Ameshiba maji. Tumbo limejaa, usingizi unamchukua, na mwezi ukiisha kadi ya kliniki inaonyesha mstari umelala.

Weka vijiko vitano kwenye maji yaleyale, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia, na hizo mililita 200 zinampa kama 150. Koroga unga na maji baridi kwanza usipate mabonge, mimina kwenye maji yanayochemka, punguza moto, endelea kukoroga dakika 15 hadi 20. Kipimo cha uzito hakihitaji mizani: chota, inamisha kijiko. Uji ukitiririka kama maziwa, ni mwepesi. Ukikaa kwenye kijiko na kudondoka kwa uzito wake, ndio huo.

Wengi wanauzimua kwa sababu ya chupa. Uji mzito haupiti kwenye chuchu, basi chuchu inatobolewa kwa mkasi, na uji unaongezwa maji mpaka upite. Achana na chupa. Haisafishiki vizuri, na mtoto hajifunzi kutafuna. Kikombe kidogo na kijiko vinatosha, ingawa wiki ya kwanza nusu ya chakula itaishia kwenye kanga yako. Kuutoa uji kwa ulimi hakumaanishi hapendi. Ulimi wake bado unajua kunyonya tu. Anza na vijiko viwili vitatu, ongeza taratibu. Ipo siku, bila taarifa, ataanza kufungua mdomo kabla kijiko hakijamfikia, na atapiga meza kwa kiganja ukichelewa.

Kwa mtoto anayeshindwa na uzito huo, kuna kimea, na nashangaa hakiuzwi kila duka. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, anika ukauke kabisa, sugua vichipukizi vitoke, saga. Tumia ulezi, usitumie mtama, kwa kuwa vichipukizi vya mtama vina sumu. Pika uji mzito wa kusimamisha kijiko, uepue, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga. Dakika tano, kumi, uji unalegea mbele ya macho yako kama umeongezewa maji, na hukuongeza hata tone. Kimeng'enya kilicho ndani ya kimea kimekata wanga, unga wote bado umo. Usikitie kwenye uji unaochemka, moto unakiua kabla hakijafanya kazi. Ukishalegea, rudisha motoni uchemke dakika chache, maana kimea kimekaa na unyevu siku kadhaa. Ndicho kimea kilekile kinachotengeneza togwa.

Chuma kitoke kwenye dagaa: toa vichwa na matumbo, osha mchanga wote, kausha, saga laini, kijiko cha chai kwa bakuli. Au ini lililopondwa. Ubuyu unasaidia mwili kuchukua chuma hicho, ila uutie uji ukishaepuliwa, kwani moto unaharibu vitamini C yake. Chai usimpe, inazuia chuma. Asali subiri atimize mwaka.

Neno kwa wanaotoka nyumbani alfajiri na kumwachia dada uji kwenye chupa ya chai. Chupa nzuri inatunza joto saa kadhaa, chupa iliyochoka inaugeuza uji kuwa vuguvugu, na vuguvugu ndiko vijidudu vinakozaliana. Jaribu yako: weka maji yanayochemka saa kumi na mbili asubuhi, fungua saa sita mchana. Kama unaweza kuzamisha kidole na kukiacha humo, chupa hiyo haifai kwa uji wa mtoto. Mwachie dada unga uliopimwa kwenye vikopo, kila kikopo mlo mmoja, na umwonyeshe kipimo cha kijiko. Uji uliokaa nje zaidi ya saa mbili umwagwe, hata kama unauma.