Kitabu cha kushonwa au cha gundi, kipi kinadumu?

Kitabu kikianza kuachia kurasa wengi tunakimbilia gundi, ila kabla hujapaka chochote angalia kwanza kilivyotengenezwa. Cha kushonwa utakijua ukichungulia juu kwenye mgongo, unaona karatasi zimekunjwa mafungu mafungu, mara nyingi kurasa 16 au 32 kila fungu, na ukifungua katikati ya fungu uzi unauona kabisa umepita kwenye mkunjo. Hiki kinalala wazi mezani bila kukikandamiza, jalada likichakaa unavua unaweka jingine, uzi ukikatika unashona tena kwenye matundu yaleyale. Mimi kwa kitabu cha maktaba kinachoazimwa kila siku nachagua hiki bila kufikiria mara mbili.

Cha gundi mikunjo yote imekatwa, kila karatasi iko peke yake, sasa ile gundi ya moto ya kiwandani ikizeeka inakakamaa, unafungua kwa nguvu kidogo unasikia kraa, mgongo umepasuka. Ni cha haraka na gharama yake ndogo, sawa. Ukikirudishia kwa PVA, ile gundi nyeupe, ya aina inayonyumbulika, kinavumilia. Ila selotepu jamani usiweke, inageuka njano na doa lake kulitoa ni kazi kweli.